Je, Wajua? Dhahabu, Ngamia na Tone la Damu Linalotoa Habari za Moyo

Je, wajua kwamba ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria mara nyingi ni dhahabu?

Nenda asubuhi kwenye zahanati yoyote ya Msamala au ya kata jirani hapa Songea mjini, utauona. Mama amempakata mtoto mwenye homa. Mtaalamu wa maabara anafuta kidole cha mtoto kwa pamba yenye spiriti, anachoma upesi, anavuta tone la damu kwa kijimrija chembamba na kulidondosha kwenye kitundu cha kikasha cheupe cha plastiki. Kwenye kitundu cha pili anatia matone ya majimaji kutoka kwenye kichupa. Kisha wanasubiri. Damu na yale majimaji vinapanda taratibu kwenye karatasi iliyo ndani, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Baada ya dakika 15 hivi mtaalamu anainamia kikasha. Mstari mmoja, mtoto hana malaria. Miwili, anayo.

Dhahabu ikiwa pete hung'aa njano. Ikifanywa chembe za upana wa nanomita 20 hadi 40, yaani nyembamba kuliko unywele mara elfu mbili au zaidi, hugeuka nyekundu. Kiasi kinachowekwa kwenye kikasha kimoja ni kidogo mno, hakina bei sokoni, lakini jicho hukiona bila darubini, na kwa mama aliyeketi pale kwenye benchi hiyo ndiyo thamani yake.

Dhahabu peke yake haijui malaria ni nini. Anayejua ni kingamwili iliyogandishwa juu yake. Kingamwili ni protini yenye umbo linalokaribia herufi Y, ambayo mwili huitengeneza ili kukamata kitu kimoja mahususi na kukiacha kingine chochote kipite. Ya kipimo cha malaria aghalabu hukamata protini ya vimelea iitwayo HRP2. Na hazifanyi kazi moja moja, hufanya kazi mbili mbili. Ukitaka kuelewa, simama msimu wa mavuno mahali wanapopakia mahindi kwenye Fuso. Gunia la kilo 100 hubebwa na watu wawili: mmoja anashika mdomo, mwenzake anashika kitako. Kwenye kikasha, kingamwili ya kwanza imefungwa kwenye karatasi, haisogei. Ya pili inaelea ikiwa imevaa dhahabu. Protini ya vimelea ikipita, ya kwanza inashika upande mmoja, ya pili upande wa pili, na dhahabu inabaki imening'inia pale pale. Dhahabu zikishakusanyika nyingi mahali pamoja, mstari unaonekana. Kama hakuna gunia, hakuna cha kushika, na dhahabu inapita zake.

Kipimo cha mimba kinachouzwa kwenye maduka ya dawa kinafuata mtindo huo huo, ila kinatafuta homoni kwenye mkojo. Na kipimo kinachomwambia daktari kama moyo wa mzee wako umepata shambulio usiku wa kuamkia leo nacho kinafuata mtindo huo. Ndiyo maana nimeanzia kwenye malaria. Watu husikia habari za vipimo vya moyo wakadhani ni elimu ya mbali, mambo ya Dar es Salaam na India, ilhali nusu ya elimu hiyo wameshaiona kwenye kidole cha mtoto wao.

Kinachotafutwa kwenye moyo kinaitwa troponini. Moyo wa mtu mzima hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, na katika kila pigo troponini hufanya kazi ya komeo la mlango: madini ya kalisi yakiingia, komeo linafunguka na msuli unajikaza, yakitoka, komeo linarudi na msuli unalegea. Aliyeigundua ni Mjapani Setsuro Ebashi, akiwa na Ayako Kodama, na jina hilo likaanza kutumika mwaka 1965. Jambo lililokuja kuokoa watu lilifahamika baadaye. Troponini T na troponini I za moyo hazifanani kabisa na zile za misuli ya miguu na mikono. Zina alama zake, kama ng'ombe wa boma moja wanavyotofautishwa na wa boma jingine. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, sehemu ya msuli inakosa hewa ya oksijeni, chembe zake zinakufa na kupasuka, na troponini iliyokuwa ndani inavuja kwenye damu. Ukiikuta kwenye damu kwa wingi usio wa kawaida, unajua imetoka moyoni.

Kabla ya hapo madaktari walihangaika. Mwaka 1954 huko New York ilionyeshwa kwamba kimeng'enya kimoja, ambacho leo huitwa AST, hupanda kwenye damu ya mtu aliyepata shambulio la moyo. Ilikuwa hatua kubwa, lakini kimeng'enya hicho kimo pia kwenye ini, hivyo mgonjwa wa ini na mgonjwa wa moyo wangeweza kutoa jibu moja. Vikafuata vingine, vingi vikiwa na kasoro ileile, maana vimo pia kwenye misuli ya kawaida: mtu aliyeshinda akipasua kuni angeweza kuonekana kama moyo umemuuma. Mwaka 1989 kundi la Hugo Katus wa Heidelberg, Ujerumani, lilichapisha kipimo cha kingamwili kinachokamata troponini T ya moyo. Tangu hapo vingine vyote vikawa wasaidizi.

Sasa, kama mtindo ni ule ule, kwa nini kisitumike kikasha kile kile cha mistari? Vikasha vya mistari vya troponini vipo na vinauzwa, lakini tatizo ni uhaba wa kitu chenyewe. Kwa kipimo kimoja cha kisasa cha troponini T, mpaka kati ya hali ya kawaida na hali ya kutiliwa shaka ni nanogramu 14 kwa lita moja ya damu. Tulipime hilo kwa mahindi yetu. Chukua punje moja kavu yenye uzito wa gramu 0.3. Isage unga laini, uuchanganye kwenye maji mpaka uenee sawasawa. Ili ufikie wepesi wa nanogramu 14 kwa lita utahitaji lita milioni 21 na zaidi, yaani matenki 2,100 ya lita 10,000 kila moja. Punje moja! Kingamwili inatakiwa ichovye ndani ya bahari hiyo na kusema, naam, unga upo.

Linganisha na sukari. Damu ya mtu asiyekula tangu jana ina kama gramu 0.9 za sukari kwa lita. Hiyo ni mara zaidi ya milioni 60 ya ule mpaka wa troponini. Hivyo mashine ya kupimia sukari, ambayo wazee wetu wengi wanayo nyumbani, inafanya kazi rahisi zaidi. Nayo ni ndugu wa kipimo cha troponini. Mwaka 1962 Mmarekani Leland Clark alieleza namna ya kukibandika kimeng'enya cha sukari juu ya elektrodi ili kiasi cha sukari kisomeke kama umeme, na hapo ndipo wengi wanapoanzia kuhesabu historia ya bayosensa. Bayosensa ni ndoa ya vitu viwili: kitu chenye uhai, au kilichotoka kwenye uhai, kinachotambua, na chombo kinachogeuza utambuzi huo kuwa namba.

Kwa troponini, kinachotambua ni kingamwili. Chombo kinachosoma kinaweza kuwa cha aina nyingi: kingine husoma mwanga, kingine mtetemo wa kioo cha kwazi kinachozidi kuwa kizito kadiri protini zinavyonasa, kingine umeme. Nitakaa kidogo kwenye hiki cha umeme kwa sababu kimekwisha kutoka maabara kikafika mkononi. Kifaa kiitwacho i-STAT, kinachoshikika kwa mkono mmoja, hutumia katriji, yaani kikasha cha plastiki kinachotiwa mikrolita 17 za damu, kama theluthi ya tone. Ndani yake yule mbebaji wa kwanza, yaani kingamwili ya kwanza, amefungwa juu ya kihisio cha umeme. Wa pili hakuvaa dhahabu, amebeba kimeng'enya. Troponini ikinaswa katikati yao, majimaji ya kusuuza hupitishwa kuondoa kila kisichoshikwa. Kisha kimeng'enya kinapewa chakula chake, kinakikatakata, na vile vipande vinatoa umeme kidogo kwenye elektrodi. Kimeng'enya kimoja hukata vipande vingi mno, na ndiyo siri yenyewe: mnong'ono unakuzwa ukawa sauti. Baada ya dakika 10 namba inatokea kwenye kioo. Mgonjwa bado yuko kwenye kitanda kile kile alicholazwa alipoingia.

Kingamwili hizo zinatoka wapi? Zamani zilitoka kwenye damu ya wanyama kama sungura, kondoo na mbuzi waliodungwa protini inayotafutwa, na kila mnyama alitoa mchanganyiko wake. Mwaka 1975, Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe ya panya inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyochoka kuzaliana. Wakapata kiwanda cha kingamwili ya aina moja tu, isiyobadilika, mwaka baada ya mwaka. Ugunduzi huo haukuwekewa hatimiliki, na walioubuni walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Kila kipimo cha troponini kinachotegemewa leo kimesimama juu ya kazi hiyo.

Kisha kuna ngamia. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza kwamba katika damu ya ngamia mna kingamwili za namna ya pekee, zilizokosa nusu ya viungo vya kawaida na bado zinashika barabara. Kichwa cha kingamwili hiyo, kikikatwa peke yake, kina kama moja ya kumi ya uzito wa kingamwili nzima, na kinastahimili joto kuliko zile za kawaida. Kwa nchi ambayo kitendanishi husafiri siku mbili barabarani kabla ya kufika wilayani, ustahimilivu wa joto ndio unaoamua kama kipimo kitafika kikiwa kizima au kimeoza. Katriji nyingi za kingamwili za leo hutunzwa kwenye jokofu, na umeme ukikatika jokofu nalo hupata joto. Vihisio vya moyo vyenye vipande hivi vya ngamia vinafanyiwa majaribio maabarani, na mimi ni miongoni mwa wanaovisubiri kwa hamu.

Je, wajua kwamba vidonge vya kukuza nywele vinaweza kudanganya kipimo cha moyo? Vingi vina biotini, vitamini ambayo mwili unaihitaji kidogo sana. Baadhi ya mashine hutumia biotini kama ndoano ya kuwaning'iniza wabebaji wetu wawili kwenye msumari wa ukutani. Damu ikiwa imejaa biotini ya vidonge, misumari yote inakaliwa, wabebaji wanasombwa na maji, na mashine inatangaza kwamba troponini ni ndogo wakati ni nyingi. Novemba 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi, ikataja na mtu mmoja aliyefariki baada ya jibu la namna hiyo. Dada, mama, ukienda kupimwa, vitaje vidonge vyote unavyokunywa, hata vile vya duka la vipodozi.

Kuna pia uongo wa upande wa pili. Troponini ikipanda, maana yake msuli wa moyo umeumia, siyo lazima uwe umeumizwa na mshipa kuziba. Figo zilizochoka huipandisha. Damu iliyoganda kwenye mapafu huipandisha, na maambukizi makali vilevile. Hata wakimbiaji wa marathoni hukutwa nayo wakimaliza mbio, kisha inashuka. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Inakaa pamoja na maelezo ya mgonjwa na kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG. Na ECG nayo inahitaji mwenzake, maana mashambulizi mengi hayaonyeshi ile picha ya wazi kwenye karatasi.

Nije nyumbani. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba maradhi haya ni ya Wazungu na Wahindi. Mwaka 1956 daktari Hugh Trowell, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika pamoja na mwenzake katika jarida la tiba la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja alitosha kuwa habari ya kuandikiwa makala. Tazama sasa. Mwaka 2019 watafiti wa Hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliamua kumpima troponini na ECG kila mtu mzima aliyekubali, aliyefika idara ya dharura akilalamika kifua au pumzi. Walipima watu 681. Waliokuwa na shambulio la moyo walikuwa 152, zaidi ya mmoja kati ya watano. Katika utaratibu wa kawaida wa matibabu, wachache mno kati yao ndio walioandikiwa ugonjwa huo. Na ndani ya siku 30, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamefariki.

Namba hizo nilizisoma mara mbili, na kila mara niliwaza usiku wa hapa kwetu. Baba wa miaka 58, ana presha, amekula ugali na maharage, saa 4 usiku anasema kifua kimebana, jasho jembamba linamtoka, mkono wa kushoto mzito. Nyumbani watasema ni gesi. Watamchemshia tangawizi. Mwingine atasema ni vidonda vya tumbo, mwingine kichomi. Mama naye akipatwa, hasa mwenye kisukari, huenda asisikie maumivu makali kabisa, bali uchovu wa ghafla, kichefuchefu na pumzi fupi, na ndiyo kwanza atalala akisema kesho nitaamka mzima. Wanaosema hivyo wanampenda mgonjwa wao. Hawajawahi kuelezwa, basi.

Kutoka Songea hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 pale Muhimbili, ni karibu kilomita 950 za barabara. Huko mshipa unaweza kuzibuliwa kwa mrija unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu. Basi linaloondoka hapa alfajiri hufika Dar es Salaam usiku. Msuli wa moyo hausubiri muda huo. Ndiyo maana kipimo cha dakika 10 kando ya kitanda kina uzito zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa jiji lenye mashine kubwa: ndicho kinachoamua, hapa hapa, nani aanzishiwe dawa sasa na nani asafirishwe. Na dawa ya kwanza haina gharama kubwa. Mwaka 1988 majaribio yaitwayo ISIS-2, ya wagonjwa 17,187, yalionyesha kwamba aspirini iliyoanzwa mapema na kuendelea kwa mwezi mmoja ilipunguza vifo vya mishipa ndani ya wiki tano kwa asilimia 23. Aspirini, kidonge kile kile kinachojulikana kwa maumivu ya kichwa. Lakini mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu au aliyewahi kuvuja damu kichwani inaweza kumdhuru, hivyo aiagize daktari au tabibu, si jirani.

Limebaki moja, nalo ni la saa. Troponini haitoki moyoni mara tu maumivu yanapoanza. Huanza kuonekana baada ya saa mbili au tatu, hupanda, kisha hubaki kwenye damu kwa siku saba hadi kumi na nne. Kifua kikibana saa 4 usiku na damu ikachukuliwa saa 5, jibu linaweza kuwa zuri na moyo ukawa unakufa. Ikichukuliwa tena saa 8 usiku, ukweli unatokea. Kwa sababu hiyo madaktari hupima mara mbili na kutazama kama namba inapanda. Ukiambiwa usubiri upimwe tena, kaa. Usiseme wamenizungusha, ukaita bodaboda urudi nyumbani.

Na unapompeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hiyo ambayo wenyeji tunaiita HOMSO, au Peramiho, au kituo chochote kilicho karibu, angalia saa kabla ya kufunga mlango. Neno la kwanza la kumwambia daktari liwe hili: maumivu yalianza saa ngapi.